Simu ya mbunge, sauti ya chama

Siku ya bajeti fungua kurasa za Instagram za wabunge kadhaa wa CCM. Mara nyingi utakutana na bango moja: picha ya Rais, kijani na njano, pongezi za maneno yaleyale, kilichobadilika ni jina na sura ya mbunge pembeni. Je, chama kina haki ya kumwandikia hivyo mtu aliyetumwa na wananchi?

Hoja ya chama ina uzito. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani kuzindua chanjo ya UVIKO-19. Siku hizohizo Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, aliipinga madhabahuni, video zikasambaa simu kwa simu. Mwananchi wa Kawe aliyeichagua CCM amsikilize nani? Mbunge aliomba kura kwa ilani ya chama na kunadiwa na chama. Tena kwenye afya, kauli potofu inaua. Hapo nasimama na chama.

Tatizo ni adhabu. Agosti 31 Bunge lilimsimamisha Gwajima mikutano miwili, pamoja na Jerry Silaa wa Ukonga, aliyedai mishahara ya wabunge haikatwi kodi. Hili la Silaa lingemalizwa na karatasi moja ya mshahara: iwekwe hadharani, watu wasome makato. Badala yake Kawe na Ukonga zikakosa msemaji bungeni.

Miezi minne baadaye zamu ikamfikia Spika Job Ndugai, aliyeongoza Bunge lililotoa adhabu ile. Alitahadharisha kuwa kwa mikopo hii nchi itapigwa mnada. Kipande cha video kikazunguka. Januari 3, 2022 akaomba radhi, Januari 6 akajiuzulu. Deni la taifa hulipwa na wananchi wote. Ikiwa mkuu wa mhimili hakuweza kubaki na kauli yake, mbunge wa viti maalumu aliyeingia juzi ataandika nini zaidi ya pongezi?

Woga huo unatoka kwenye Katiba. Ibara ya 71 inasema anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti, na mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, ilisema katazo hilo linakiuka haki. Ibara ya 100 inalinda yanayosemwa ndani ya Bunge. Ukurasa wa Facebook uko nje ya ukuta huo. Wapo watakaonitajia wale 19 wa viti maalumu waliofukuzwa CHADEMA Novemba 2020 na bado wakabaki bungeni. Hao walikuwa wa upinzani. Hakuna mbunge wa CCM mwenye akili timamu atakayeitegemea bahati hiyo.

Chama kimvue mbunge vyeo vya chama, kimkanushe hadharani siku hiyohiyo, tena kwa takwimu. Ila kiti kiachwe mikononi mwa waliompigia kura, na Ibara ya 71 irekebishwe iseme hivyo.