Tarehe Iliyogeuka Kuwa Jina la Waasi

Kundi la M23, linalopigana mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilipata jina lake kutokana na mkataba wa amani. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ya Kinshasa na waasi wa CNDP walitiliana sahihi mapatano ya kuwaingiza wapiganaji hao katika jeshi la taifa na kuligeuza kundi lao kuwa chama cha siasa. Mwaka 2012 baadhi ya askari hao waliasi, wakadai kwamba mapatano hayakutekelezwa, wakajiita kwa tarehe ile ile. Madai yao mengi siyakubali, hasa nikizingatia yale ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kuhusu msaada wa Rwanda kwa kundi hilo, msaada ambao Kigali imekuwa ikiukanusha. Hata hivyo, jina hilo lingepaswa kumnyima usingizi kila msuluhishi, maana ahadi iliyoachwa kabatini imegeuzwa bendera ya vita vingine.

Usuluhishi mwingi huanza kwa kuuliza nani apewe cheo gani, na mara nyingi huishia hapo hapo. Katika mkataba wa Lomé wa Julai 1999, Foday Sankoh, kiongozi wa waasi wa RUF wa Sierra Leone aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa uhaini, alipewa hadhi ya makamu wa rais pamoja na uenyekiti wa tume ya kusimamia madini, ilhali almasi ndiyo iliyokuwa ikiligharamia kundi lake. Huko kulikuwa kumkabidhi fisi bucha. Haukupita mwaka, wapiganaji wake wakawateka walinda amani wapatao 500.

Sisemi kwamba kugawana madaraka ni kosa kila mara. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 kuhusu Burundi, ulioanza chini ya usuluhishi wa Julius Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela baada ya Nyerere kufariki, uligawa taasisi zaidi kuliko ulivyogawa vyeo vya watu: kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Kanuni hiyo ilimgusa hata askari wa kawaida aliyekuwa akilala na hofu ya askari wa kitanda cha pili, na ndiyo maana naiona nzito kuliko orodha yoyote ya mawaziri.

Kwa hakika ni huyo wa chini ninayetaka tumtazame. Nchini Liberia, mkataba wa Accra ulitiwa sahihi Agosti 2003, na Desemba walinda amani wakafungua kambi ya kwanza ya kupokea silaha nje ya Monrovia. Wapiganaji waliokuwa wamesikia habari za dola 300 walifurika kupita uwezo wa kambi, wakataka fedha papo hapo, ghasia zikaingia hadi mjini, na kazi ikasimamishwa mpaka Aprili mwaka uliofuata. Iliporejea, mtu aliweza kuandikishwa kwa kusalimisha risasi 150 tu, bila bunduki. Makamanda wakapiga hesabu zao upesi: risasi zikagawiwa ndugu na jamaa, kila mmoja akaenda kupanga foleni na fungu lake, na malipo yakagawanywa jioni. Mwishowe waliandikishwa watu zaidi ya 100,000, huku silaha zilizokusanywa zikiwa takriban 28,000. Wengi huutaja mfano huu kama ulaghai mtupu, nami sibishi kwamba ulaghai ulikuwapo. Lakini kati ya kuwalipa wasiostahili na kumwacha nje kijana mmoja anayejua bunduki imefukiwa wapi, ningechagua hasara ya kwanza bila kusita. Liberia haijarudi vitani tangu wakati huo, na mwaka 2018 na 2024 marais wake walikabidhiana madaraka kwa njia ya kura.

Msumbiji inaonyesha urefu wa kazi yenyewe. Baada ya mapatano ya Roma ya Oktoba 1992, makumi ya maelfu ya askari wa serikali na wa kundi la waasi la RENAMO walirejeshwa uraiani, wakawa wakilipwa kwa miaka miwili. Fedha zikakoma, sehemu ya wapiganaji wa RENAMO ikabaki na silaha zake, na kufikia 2013 risasi zilikuwa zikisikika tena katikati ya nchi. Ilihitajika mkataba mwingine, wa Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya RENAMO ilifungwa Juni 2023, wakati wapiganaji wapatao 5,200 walipokuwa wameweka silaha chini. Safari hii serikali ilikubali kuwalipa pensheni. Wengi wao ni watu wazima walioingia msituni wakiwa vijana, na mafunzo ya useremala ya wiki chache hayawavutii. Wanachouliza ni kama jina limeandikwa sawasawa kwenye fomu, na malipo ya kwanza yanaingia mwezi gani.