Kadi Tatu za Benki na Gitaa la Elfu Nne

Jamani, nani aliwaambia wauza magitaa wa Kisumu kwamba kila gitaa duniani ni "orijino"? Pale soko la Kibuye nyanya ni nyanya: kuna nzuri, kuna mbovu, na mama anayeuza mwenyewe hukutengea zile zilizolainika za kupikia mchuzi. Gitaa halina mbovu. Hata lililovimba tumbo kama mbuzi aliyevamia gunia la unga, hilo ni orijino, limetoka Japani, mwenyewe alikuwa pasta, na linauzwa tu kwa sababu mtoto wa shemeji amefukuzwa karo. Elfu nne, omera, na ni kwa sababu ni wewe.

Na sisi wanunuzi nasi tumerogwa. Nyanya ya shilingi kumi tunaibinya, tunainusa, tunaigeuza kuangalia makalio. Gitaa la maelfu tunapitisha kidole gumba mara moja, vraaam, tunatikisa kichwa kitaalamu, halafu tunauliza lile swali la taifa: "Mwisho ngapi?" Ukipunguziwa mia tano unatoka dukani kifua mbele kama aliyeshinda kesi ya shamba.

Kumbe hesabu inakungoja nyumbani. Nyuzi zimeota kutu, nunua seti. Uzi wa tatu haukai mahali, sikio lake la kukazia limelegea meno, badilisha. Daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi, linang'oka, mpelekee fundi. Fundi ataliangalia kama daktari anayeangalia picha ya mapafu, atapumua, atasema "acha tu hapo". Ukijumlisha, lile la elfu nne limekuwa la elfu nane, bei ambayo ungepata jipya la kuanzia, na bado linaumiza vidole.

Ukitaka kuokoa pesa, acha kubishana bei kabla hujakagua. Vifaa vya ukaguzi unavyo tayari: kadi tatu za benki, risiti ya supamaketi, tepu ya fundi cherehani, na simu yenye programu ya kutyuni, ambazo nyingi ni za bure. Kadi zenyewe si lazima ziwe na pesa. Hapa ndipo kadi tupu hatimaye hupata kazi.

Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, Kisumu mpaka Uchina. Tatu zikibanwa pamoja ni milimita 2.3 hivi. Tafuta zile bapa, si zile za zamani zenye namba zilizovimba. Tyuni gitaa kwanza, maana nyuzi zikilegea kipimo ni uongo mtupu. Nenda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, hesabu kuanzia kichwani), upenyeze kadi tatu kati ya freti na uzi wa sita, ule mnene. Kama zinaingia na kuugusa tu bila kuuinua, gitaa la nyuzi za chuma liko vizuri. Upande wa uzi wa kwanza kadi mbili zinatosha. La nyuzi za nailoni huwa juu zaidi kwa asili yake, kama kadi tano kwa uzi wa sita na nne kwa uzi wa kwanza, usililaumu. Lakini ukiona la chuma linapitisha kadi tano na nafasi inabaki, hicho ni kikata mboga. Uzi ulio juu hauumizi vidole tu. Ukiukandamiza unavutika safari ndefu, sauti inapanda, na kila kodi unayoshika, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, inatoka kali hata kama gitaa limetyuniwa vizuri. Kodi ya nyumba inatutosha, za gitaa zisituumize pia.

Sasa liulize gitaa hilo maskini kwa nini nyuzi zake ziko juu, maana bei ya kweli imejificha kwenye jibu. Huenda ni kile kifupa cha chini, kilicho juu ya daraja, kilichoachwa kirefu tangu kiwandani. Hilo ni tatizo la msasa, shukuru Mungu. Huenda shingo imepinda kuelekea mbele. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, uangalie katikati: nafasi ya karatasi mbili tatu za kuandikia ni halali, lakini ukiona mwanga unapita kama dirishani, imepinda. Chungulia ndani ya tundu la sauti au chini ya kile kibamba cha kichwani, uone kama kuna tundu la kuingiza ufunguo wa aleni. Likiwepo, shingo ina chuma ndani na inanyooshwa, robo mzunguko kwa mara moja, si kwa nguvu za kufungua nati ya lori. Lisipokuwepo, shingo hiyo imeshaamua maisha yake.

Sababu ya tatu ndiyo ya kukimbia: pembe ya shingo imechomoka pale inapoingia mwilini, au ubao wa mbele umevimba nyuma ya daraja. Kuvimba kidogo ni kawaida, nyuzi zinavuta. Kuvimba mpaka daraja limelala chali, hapana. Chukua ile risiti ya supamaketi uipenyeze chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, daraja limeanza kuaga. Muuzaji atasema "hiyo ni supa gluu kidogo tu". Usikubali! Supa gluu huacha ganda linalozuia gundi ya mbao kushika, na fundi wa kweli atatumia nusu siku kulikwangua kabla hajaanza kazi. Hiyo nusu siku unailipa wewe.

Mara nyingi chanzo cha daraja kung'oka ni dhambi moja ambayo kwaya za huku kwetu hazijaitubu: kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Nailoni zote sita kwa pamoja huvuta kama kilo 40. Za chuma, seti ya 12 (namba ni unene wa uzi wa kwanza), huvuta zaidi ya kilo 70. Gitaa lililojengwa kubeba mtoto limebebeshwa mama mkwe. Tofauti ni rahisi kuiona: la nailoni lina shingo pana, kama milimita 52 kule inapokutana na kichwa, kichwa chake kina madirisha mawili marefu, na nyuzi hufungwa fundo kwenye daraja. La chuma lina shingo ya milimita 43 hivi, na mengi hushikilia nyuzi kwa vijiti sita vilivyochomekwa. Ukikuta madirisha na mafundo halafu nyuzi ni za chuma, rudisha gitaa mezani polepole, uulizie habari za familia, uondoke.

Tepu ya fundi cherehani sasa. Freti ya 12 hukata uzi katikati, ndiyo maana sauti yake ni ileile ya uzi wazi, ila ya juu. Pima kutoka kifupa cha kichwani, kile cha mwanzo wa shingo, hadi freti ya 12, kisha kutoka hapo hadi kifupa cha chini. Kwa gitaa la milimita 650 toka kifupa hadi kifupa, nusu ya kwanza ni 325, na ya pili iwe hiyo au izidi kwa milimita chache, hasa upande wa uzi mnene. Ikipungua, daraja lilibandikwa pasipo pake na hakuna sala itakayolityuni. Thibitisha kwa simu: gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, piga, uachie, usikie kengele. Halafu kandamiza hapohapo, piga tena. Programu ionyeshe mahali pamoja.

Mtu wa kuimbia watoto kodi tatu za mwanzoni anaweza kuvumilia kasoro hiyo. Mtu wa benga, ule muziki wa magitaa wa Waluo, hawezi. Benga ilizaliwa huku, vidole vikifuata mwendo wa nyatiti, kinubi cha jadi, na gitaa la solo hupanda shingo juu kabisa kutafuta utamu. Kule juu ndiko gitaa bovu husema ukweli wake wote. Wa omutibo, mtindo wa gitaa wa upande wa Kakamega, wana nafuu kidogo. Alichokifanya mpigaji wake George Mukabi kwa kidole gumba na cha shahada hakikuhitaji gitaa la bei, na ngoma ilikuwa chupa ya soda iliyokwaruzwa. Hapo ndipo watu walijua kubana matumizi.

Baada ya tepu, piga kila freti ya kila uzi hadi ya 12. Nyuzi sita mara 12 ni sauti 72. Ndiyo, zote, na kwa uso mkavu. Muuzaji ataanza kupanga panga bidhaa kwa kelele, atakohoa, atapokea simu ambayo haikulia. Wewe endelea. Uzi ukizizima, yaani ukilia kama nyuki, mahali pamoja tu, jua freti ya mbele yake imeinuka, na fundi huilainisha. Ukizizima kila mahali, shingo imepinda kinyume au kuna mjanja aliyekwangua kifupa cha chini kupita kiasi ili gitaa lionekane laini mkononi. Kusaga ni rahisi, kurudisha ndiyo kazi.

Halafu kuna hawa wa "ni mbao tupu, si plaiwudi". Angalia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona tabaka kama za chapati, ni plaiwudi, hata muuzaji akiapa kwa jina la babu yake. Nami nasema, kwa gitaa la kwanza, plaiwudi si tusi. Mbao tupu huimba vizuri zaidi lakini hunywa unyevu na kuutoa, huvimba na kusinyaa, na ikikauka ghafla hupasuka. Hapa kando ya ziwa, nyumba ya mabati na kiangazi cha Februari, plaiwudi itakuvumilia kuliko ndugu wengi.

Lile lenye waya na vitufe vya sauti ubavuni, fungua kidirisha cha betri kwanza. Ile betri ya volti 9 ikiachwa humo miaka, huvuja na kula vyuma vyake. Jua pia kwamba katika mengi ya aina hiyo, waya ukichomekwa tu betri inaanza kuliwa, hata kama hakuna anayepiga. Ndiyo maana magitaa ya makanisa hufa katikati ya sadaka.

Wakati wa kununua? Njaanuari, wapi kwingine. Desemba watu wanajifurahisha, Januari karo inabisha mlango na magitaa yanatoka chini ya vitanda. Hapo ndipo orodha ya kasoro zako inageuka pesa. Usiseme "punguza". Sema "shingo imepinda, sikio la tatu limelegea, uzi wa kwanza unazizima freti ya tano", kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Akikataa kushusha, akuongezee seti ya nyuzi, na uombe za 10 au 11 badala ya 12. Zinavuta kidogo, kwa hiyo shingo na daraja la bei ya chini hupumua.

Kile kifupa kirefu unakishusha mwenyewe. Ukitaka uzi ushuke milimita moja kule freti ya 12, punguza milimita mbili huku chini. Weka msasa juu ya kioo au meza iliyonyooka na usugue upande wa chini wa kifupa. Wa juu una umbo lake, usiuguse. Sugua kidogo, rudisha, funga nyuzi, pima kwa kadi. Watu hukosa subira, wakasugua mara moja kama wanaosafisha sufuria, na wakarudi kutafuta kipande cha kadi cha kukiinulia.

Kifupa cha plastiki kikiwa na bonde pale uzi unapolala, usikimbilie dukani. Nenda buchani ukanunue mfupa wa mguu wa ng'ombe. Kunywa supu kwanza, hiyo ndiyo faida. Chemsha tena mfupa mtupu mpaka mafuta yaishe, ukaushe siku kadhaa kivulini mahali ambapo mbwa wa jirani hafiki, ukate kipande kwa msumeno wa chuma, usugue kwa msasa wa 120 kisha 400 mpaka kiingie kwenye mfereji wake bila kucheza. Funga kitambaa puani, vumbi la mfupa si la kuvuta. Mfupa ni mgumu kuliko ile plastiki tupu, hauchimbiki upesi.

Mfuko usinunue. Fundi anayeshona viti vya matatu atakushonea wa turubai, ukimpelekea kipande cha godoro kuukuu cha inchi moja akiweke katikati. Piki, vile vibamba vya kupigia nyuzi, zinapotea kuliko soksi, basi kata kadi ya benki iliyokwisha muda: 0.76 ni unene mzuri tu wa kuchapa kodi. Kapo, kile kibano cha kukandamiza nyuzi zote shingoni, ya kuanzia ni penseli na mkanda wa tyubu ya baiskeli. Itabana, na kwa wimbo mmoja itatosha.

Sasa umeokoa kama elfu mbili na mia tano, gitaa liko mgongoni, umesimama stejini Kondele na roho safi. Boda anakuja, anakuangalia, analiangalia gitaa, anazima pikipiki kabisa.

"Wewe ni themanini. Na huyu wa pili?"