Waanzilishi wa Myers-Briggs hawakuwa wanasaikolojia

Eti kipimo cha haiba cha Myers-Briggs kilibuniwa na wanasaikolojia? Sivyo. Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers hawakusomea fani hiyo. Isabel alikuwa ameandika riwaya za upelelezi. Walichukua nadharia ya aina za haiba ya 1921 ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, iliyotokana na kutazama wagonjwa na kutafakari, si majaribio, kisha Isabel akaanza kutunga maswali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lakini kasoro kubwa iko kwenye alama. Tabia ni kama urefu wa mwili: watu wengi wako katikati, wachache pembeni. Kipimo hiki kinakata mstari palepale penye msongamano, hivyo aliyeuvuka kwa jibu moja anaitwa mchangamfu na aliyepungukiwa na jibu moja anaitwa mkimya, ingawa wanafanana kama pacha. Ndiyo maana wengi wakirudia baada ya wiki chache hubadilika angalau herufi moja kati ya nne ambazo kipimo humpa kila mtu kutaja aina ya haiba yake. Hata wachapishaji wake wanakataza kukitumia kuchagua waajiriwa (maofisa rasilimali watu wasome hapo mara mbili). Mliowahi kukirudia, herufi zenu zilibaki zilezile?