Mama Yake Bibi Alizaliwa Wakati wa Mizizi

Kila nilipomuuliza bibi mama yake alizaliwa lini, alinijibu lilelile: "Wakati watu wanakula mizizi." Nikadhani hajui. Kumbe alikuwa ananitajia mwaka, ila mimi sikujua kuusoma.

Asili yetu ni Ungoni. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na mwaka huohuo vikatufikia. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wetu kwa makumi pale Songea. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke, Nkomanile. Ukoo wetu ukikutana, habari huishia hapo kwenye vitanzi. Mimi naona habari ya mama yake bibi ndiyo kwanza inaanza.

Maana baada ya hapo jeshi la Gavana von Götzen lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi, ili njaa imalize kazi. Wako wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa. Mizizi ya bibi ni ya wakati huo, 1906 au 1907.

Kitabu cha ubatizo kimemwandikia 1910. Sikikubali. Bibi alisimuliwa na mama yake kwamba siku baba yao alipochukuliwa kubeba mizigo ya vita, Waingereza walipoingia Songea mwaka 1916, yeye alishinda na mdogo wake mgongoni tangu asubuhi mpaka giza. Mtoto wa miaka sita hawezi. Wa miaka tisa anaweza. Aliyeandika kitabu alikisia kwa kumtazama. Bibi alisikia kwa mwenyewe.

Halafu kuna kibuyu cha mama yake bibi. Alikijaza mbegu za ulezi, akakiziba kwa gunzi na udongo, akakiweka darini juu ya moto, kila mwaka, hata mavuno yakifurika. Watoto walipigwa kwa kukigusa. Nyumbani walimwita mchoyo, na neno hilo limebaki kwenye ukoo mpaka leo. Linaniuma. Ghala likichomwa, chakula huisha na mbegu huisha, na mama huyu alilelewa na watu walioyaona hayo kwa macho.

Aliyechimba ile mizizi ni mama yake, ambaye jina lake sijalipata. Bibi mdogo yungali hai. Mwezi ujao nakwenda kumuuliza.