Wale wanane wa Kibiti walikuwa na majina

Aprili 13, 2017, jioni, gari la polisi lililokuwa likirudisha askari kutoka lindo lilimiminiwa risasi Mkengeni, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani. Askari wanane waliuawa. Ukimuuliza mtu leo atakwambia, "Ah, wale wanane." Majina yao, sanasana utayapata kwa ndugu zao.

Si kwamba hayakutangazwa. Taarifa za Jeshi la Polisi huwataja marehemu vizuri tu: namba inayoanza na herufi, cheo, kisha jina. Magazeti yanachapa, majeneza yanaagwa, viongozi wanatoa pole na kuahidi kuwasaka wauaji. Wiki ikiisha, mtu mwenye cheo na jina amegeuka tarakimu.

Kinachoniumiza zaidi ni mazingira yenyewe. Hawa hawakufa wakifukuzana na majambazi kama kwenye sinema. Askari wa Mbande, Dar es Salaam, Agosti 23, 2016, ndiyo kwanza walikuwa wanafika kupokea lindo la benki, wanne wakauawa. Wa kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, Julai 2015, walifuatwa humohumo kituoni, bunduki zikaporwa. Lindo ndiyo kazi ya polisi isiyo na sifa hata kidogo: usiku kucha na bunduki mbele ya mlango uliofungwa, mbu, usingizi wa kupigana nao, kesho yake kikosini. Anayepangwa huko mara nyingi ni konstebo.

Najua kwa nini tunasahau haraka. Wengi wetu polisi tunamjua kwa tochi ya kupima mwendo barabarani, kwa kubambikiwa kesi, kwa dhamana inayosemwa ni bure halafu haitoki bure. Hasira hiyo ina sababu zake na simwombi mtu aimeze. Kibiti kwenyewe waliuawa pia wenyeviti wa vijiji na watendaji, na zipo familia zinazosema ndugu zao walipotea wakati wa operesheni ya vyombo vya dola iliyofuata. Hao waliopotea nao wanastahili kuulizwa waliko. Ila sioni kwa nini kumdai polisi haki kunizuie kumlilia konstebo aliyepigwa risasi akishuka kwenye gari.

Mimi ningependa kitu kidogo tu. Kila kituo kiwe na ubao ukutani, pale pale kaunta ambapo raia anasimama kusubiri RB yake, ile namba ya taarifa aliyoripoti: jina, cheo, tarehe, na mahali alipofia. Siyo makao makuu, ambako mwananchi wa kawaida haingii. Kaunta. Asome mwananchi, na asome pia yule askari kijana anayemuudhi.

Na tusiishie kwa wenye sare ya serikali. Agosti 25, 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, waliuawa polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Huyo wa nne hutajwa mwisho, kama hutajwa kabisa. Alikuwa kazini kama wao, kwenye barabara ileile. Kituo kitakachoandika wale watatu kimwandike na yeye, hata kama hana namba ya jeshi.