Athlon Iliyokaangwa Chikongola

Kila Jumapili mwalimu mmoja mstaafu hunitembelea nyumbani kwangu Chikongola, hapa Mtwara, tubishane kuhusu prosesa za zamani, yaani chipu zilizo ubongo wa kompyuta, yeye akiwa shabiki wa kampuni ya Intel na mimi wa mshindani wake, AMD. Ubishi hauishi tunapofika Machi 2000, AMD ilipotangaza prosesa yake ya Athlon yenye kasi ya gigahezi 1 tarehe 6 na Intel ikafuata na Pentium III yake tarehe 8. Mwalimu hushikilia kwamba siku mbili si kitu. Mtu aliyewahi kusubiri malipo ya korosho anajua kwamba siku mbili ni nyingi.

Jumapili moja umeme ulikatika, na mpwa wangu akajitolea kuisafisha Athlon yangu ya aina ya Thunderbird. Alilifungua feni pamoja na bamba la kupoozea, akaifuta ile dawa nyeupe iliyo kati yake na prosesa, kisha akaenda kulisugua bamba uani kwa mswaki. Juu ya prosesa kikabaki kipande cha silikoni kitupu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambacho hakina kinga yoyote ya kujizima kinapopata moto.

Umeme ukarudi. Watoto wa mtaa walipiga vigelegele, na kompyuta, ambayo ilipangwa ijiwashe yenyewe umeme unaporejea, nayo ikaitika. Taa ya kijani iliwaka, ukapanda moshi mwembamba, na nyumba nzima ikanuka.

"Shoga, korosho zinaungua!" dada yangu alimpigia kelele jirani yetu, ambaye ndiye mkaangaji maarufu wa mtaa. Naye, bila hata kuchungulia, alilinyakua karai na kulimwaga lote mchangani, zikiwa bado nyeupe kabisa.

Ukweli ulipojulikana, alidai alipwe kwa bei ya daraja la kwanza. Mwalimu alifurahi mno, akajitolea kupiga hesabu ya deni kwenye kompyuta yake. Nilikataa katakata, nikamkumbusha kwamba mwaka 1994 Pentium za Intel ziligundulika kuwa zinakosea kugawanya.

"Kijana wangu," alinijibu huku akiokota korosho mchangani na kuipuliza, "ile ilikosea tarakimu za mbali huko baada ya nukta. Ya kwako imekosea karai zima."