Seuthopolis: Mji wa Kale Ukaushwe au Uachwe Majini?

Mwaka 1948, kazi ya kujenga bwawa la Koprinka karibu na Kazanlak, Bulgaria, ilifichua Seuthopolis, mji wa Wathrakia (watu wa kale wa eneo la Bulgaria ya leo) uliojengwa na Mfalme Seuthes III mwishoni mwa karne ya 4 KK. Serikali ya wakati huo haikusitisha ujenzi. Wanaakiolojia waliachiwa wachimbe hadi 1954, kisha maji yakaachwa yaufunike mji.

Mjadala ulipamba moto mwaka 2005, msanifu majengo Zheko Tilev alipopendekeza ukuta wa duara wenye kipenyo cha mita 420 katikati ya ziwa, ndani yake pakaushwe, na wageni wafike kwa boti.

Wanaomuunga mkono wana hoja nzito. Wathrakia tunawafahamu zaidi kwa makaburi yao, lakini hapa palikuwa na watu hai: mitaa iliyonyooka, uwanja wa soko, ngome ya mfalme. Jiwe moja lililochimbuliwa hapo lina kiapo cha Berenike, mke wa Seuthes, na wanawe, kwa Kigiriki, cha kumkabidhi mtu aitwaye Epimenes kwa Spartokos, mtawala wa Kabyle, mji mwingine wa Wathrakia. Kiapo chenyewe kinaagiza kiandikwe kwenye mawe na kuwekwa katika mahekalu na masoko ya miji yote miwili. Siasa za ukoo mzima zimo humo, na jina la mji tumelipata humo humo.

Ila jiwe hilo liliokolewa. Kilichobaki chini ni nini? Nyumba zilikuwa za matofali mabichi na mbao juu ya misingi ya mawe. Atakayeshuka huko ataona misingi, tena iliyolala majini miaka sabini. Tukitaka aone mji itabidi tuujenge upya, na huo utakuwa wa kwetu, si wa Seuthes. Ukuta nao utadai matengenezo miaka yote. Hata kaburi maarufu la Wathrakia la Kazanlak, ambalo liko nchi kavu na ni urithi wa dunia tangu 1979, michoro yake ni dhaifu kiasi kwamba wageni huonyeshwa nakala iliyojengwa jirani.

Kwa hiyo naegemea kwa wanaosema uachwe, walau kwa sasa. Wapelekwe kwanza wapiga mbizi wapime tope na hali ya misingi. Hesabu za ukuta zifuate baadaye.